Zamu ya Fimbo Kanisani

Mwezi uliopita nilimnyang'anya kijana wa jirani fimbo yake, nikaivunja gotini na kuvitupa vipande juu ya paa la banda la kuku. Hakuwa amemgusa mtu. Alikuwa amesimama kando ya ua langu akiimenya tu, maganda ya kijani yakimwangukia miguuni, tayari kwenda kuchunga ng'ombe wa mama yake. Lakini upepo uliniletea ile harufu ya fimbo mbichi, harufu chungu ya utomvu, na kabla sijajua ninafanya nini mikono ilikuwa imeshafanya. Mama yake alitoka akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia ndiyo. Ningemwambia nini kingine, nimeshika ufagio, jua linawaka, na watu wameanza kuchungulia?

Basi acha nieleze hapa, kwenu nyinyi wa rika langu, mliochapwa kila mahali nilipochapwa: nyumbani, shuleni, njiani na mtu msiyemjua hata jina, halafu kanisani. Vijana wa leo wakitusikia hudhani tunatia chumvi. Hatutii chumvi yoyote. Mengine tunayapunguza ili tuweze kuyasimulia tukiwa mezani.

Mimi na mdogo wangu Kioko tulizaliwa Mwingi. Mama alikuwa akiwapikia wafanyabiashara wa mbuzi kwenye kibanda karibu na soko la mifugo, na Jumapili tulikwenda kwenye kanisa lililokodi chumba nyuma ya duka la mbolea. Lori zikipita kuelekea Garissa, mhubiri alinyamaza mpaka zipite, kisha akaendelea pale alipoachia. Hakuna aliyemnyamazisha mtoto pale. Watoto walilala chini ya viti, walinyonya, waligombania maandazi, na waliimba na wakubwa hata maneno wasiyoyajua.

Kioko alikuwa amechelewa kusema. Watoto wa umri wake walikuwa tayari wanatukana kwa lugha mbili, lakini yeye alikuwa na sauti moja tu, "Eeeei!", na aliitoa wimbo ulipokwisha. Wakati wa wimbo alitulia. Wimbo ukiisha na watu wakinyamaza, ndipo alipopaza sauti, kwa sababu hakutaka uishe. Watu wa pale walimzoea hata wakawa wanamsubiri. Kiongozi wa nyimbo alimtupia jicho mwisho wa ubeti, Kioko akamaliza kelele yake, ndipo wote wakasema amina.

Kisha vibanda vya soko vikabomolewa, cha Mama kikiwa kimojawapo. Mama akaamua kubaki Mwingi kutafuta kazi, na sisi tukapelekwa kwa Susu, yaani bibi yetu, huko ndani ndani upande wa Kathonzweni. Susu alikuwa mrefu, mkavu, mwenye viganja vigumu vya mtu wa jembe, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Tulimkuta akimuuguza babu. Babu alilala chumba cha nyuma, mlango umefungwa, na tulipocheka tu uani Susu alitokea na mwiko: "Nyamazeni! Babu yenu amelala." Hata tulipokohoa tulikohoa kwenye nguo. Babu alifariki muda si mrefu, na sikuwahi kumwona akiwa macho.

Nayasema haya ya babu kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nilielewe vibaya kanisa. Jumapili ya kwanza Susu alituosha miguu, akatupaka mafuta mpaka tukang'aa, na mlangoni akatuinamia akasema, "Hii ni nyumba ya Mungu. Asisikike mtu." Niliangalia ndani. Lilikuwa jengo la matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, wanaume benchi za kulia na wanawake benchi za kushoto, na katikati njia pana ambayo mwanamke hakuivuka kwenda upande wa pili. Nyuma ya mimbari kulikuwa na mlango mdogo wa mbao, umefungwa. Pasta aliingia humo kabla ya ibada na akatoka amekaza uso. Nikaunganisha mambo mwenyewe. Hii ilikuwa nyumba ya Mungu, kwa hiyo chumba kile kilikuwa chake, na alikuwa mzee sana, mgonjwa, amelala. Nilishangaa tu mbona kule Mwingi hakusumbuliwa na lori. Nikajijibu kwamba kule Mwingi alikuwa mpangaji, na mpangaji hafoki.

Watoto hatukukaa na watu wetu. Tuliketi sakafuni mbele kabisa, chini ya mimbari, na pembeni yetu kwenye kiti cha mikono alikaa Mzee Mutiso. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mwenye miraba minne, ndevu zimechongwa vizuri, shati jeupe lisilo na kunyanzi. Kazi yake ilikuwa kututuliza. Mikononi alikuwa na fimbo ndefu, ndefu kiasi kwamba angeweza kumfikia mtoto wa mwisho bila kuinuka. Ukisinzia, ilikuangukia kichwani. Ukinong'ona, ilikuangukia mdomoni. Ukilia kwa sababu imekuangukia, ilikuangukia tena. Pasta aliendelea kuhubiri juu ya upendo, na fimbo ikaendelea kulia juu yetu, na kila mmoja alikuwa na kazi yake.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo sijalisikia kwingine. Fimbo ile haikuwa ya Mutiso. Kama vile akina mama walivyokuwa na zamu ya kufagia kanisa na zamu ya kuleta maji, kila boma lilikuwa na zamu ya fimbo. Jumapili yenu ikifika, mlileta fimbo mpya ya mulawa, mti wetu wa vichakani wenye matawi membamba yanayopinda bila kuvunjika, na iwe mbichi, imemenywa, imenyooka. Fimbo kavu ilihesabiwa ni dharau. Mwanamke aliyeleta fimbo iliyopinda alitaniwa kisimani wiki nzima. Ibada ikiisha, Mutiso aliondoka nayo kwenda kuchapia ng'ombe wake wa kulima, kwa hiyo hata mafahali wake walikula sadaka yetu.

Kioko hakuelewa lolote kati ya haya. Wimbo wa kwanza ulipokwisha siku ile ya kwanza, kanisa likatulia, naye akajaza kifua akatoa yake: "Eeeei!" Aligeuka nyuma akitabasamu, akiwangoja waseme amina. Fimbo ilimkuta angali anatabasamu. Hakulia mara moja. Alimtazama Mutiso kwanza, kisha akanitazama mimi, kana kwamba nimtafsirie. Nilimziba mdomo kwa kiganja, naye akaning'ata, na alama ya meno yake ninayo mpaka leo chini ya kidole gumba.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Wimbo, kelele, fimbo. Mgongo wake ulikuwa na mistari juu ya mistari, na nilipomwogesha alijikunja maji yalipogusa. Jumamosi nilimfundisha kunyamaza. Niliimba, nikamaliza, nikamwekea kidole mdomoni, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Jumapili alisahau. Nilimchukia kwa kusahau. Niliogopa kwamba Mungu ataamka kwa ajili yake, atoke na shuka lake na hasira zake, na nilijua atamfuata nani kwanza.

Nilimwuliza Susu kama hatuwezi kukaa naye upande wa wanawake. "Mama yenu alikaa pale pale mbele," alisema, bila kuacha kupepeta mbaazi. "Alichapwa, akanyamaza, akakua. Kioko pia atanyamaza."

Ndivyo alivyoamini, na hakuamini kwa ubaya. Zamu yetu ilipofika, Jumamosi mchana alikwenda kichakani na panga, akachagua kwa makini, akaliacha tawi hili na kulikata lile. Aliketi kwenye kigoda akaimenya fimbo, akaipitisha juu ya moto ili inyooke, akaikata vifundo vyote kisibaki hata kimoja. Boma zima lilinuka mulawa. Majirani waliopita waliisifu. Susu alikuwa mjane mpya na ilikuwa mara yake ya kwanza kutoa zamu peke yake, na alitaka watu waone kwamba boma la marehemu halijalala.

Kesho yake alimkabidhi Mutiso mlangoni kwa mikono miwili. Mutiso aliikunja, ikaruka, akaipitisha hewani ikalia. "Mama Nthenya," alisema, akimwita kwa jina la mama yangu, "hii ndiyo fimbo." Susu aliinamisha kichwa kuficha furaha.

Wimbo wa pili ndio ulioleta balaa. Ulikuwa mzuri, kwaya ilikuwa imeufanyia mazoezi, ngoma ilipiga mpaka kifuani. Ulipokwisha, Kioko alisimama kabisa. Alitoa sauti kubwa kuliko zote alizowahi kutoa, akainua mikono juu. Fimbo ikamshukia begani. Akakaa, lakini sauti ilikuwa bado imo, ikatoka tena. Ikamshukia mgongoni. Watoto wengine wakaanza kucheka, kicheko kile cha woga, na nadhani kicheko ndicho kilichomwasha Mutiso. Aliinuka kwenye kiti, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Akaigeuza fimbo, akaishika upande mwembamba, akampiga Kioko kwa upande mnene, ubavuni mwa kichwa, juu ya sikio.

Niliisikia. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, isiyofanana na kuchapwa. Kioko alianguka juu ya mapaja yangu na damu ikatoka sikioni, nyembamba, ikaingia kwenye kola ya shati alilopigiwa pasi asubuhi ile. Mdomo wake ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka.

Kwanza nilimwona Susu kama nguo tu, kile kitenge chake cha maua kikija katikati ya njia. Hakukimbia. Watu walijua kwamba mwanamke hapiti pale, kwa hiyo kila mtu alinyamaza kuona kama kweli anapita. Alifika mbele, akamtazama Kioko, akayagusa masikio yake yote mawili, akaangalia vidole vyake.

"Mama Nthenya, rudi kiti chako," Mutiso alisema.

"Nipe fimbo yangu."

"Hii imeshakuwa ya kanisa."

"Nimeikata mimi. Nipe."

Hakungoja apewe. Aliivuta, na Mutiso, ambaye hakuwa amewahi kuvutwa na mwanamke mbele za watu, aliiachia kwa mshangao. Susu akampiga. Alimpiga kama anavyopiga mbaazi siku ya kupura, bila haraka, mkono ukipanda na kushuka pale pale, begani, shingoni, kwenye zile ndevu zilizochongwa. Miwani yake iliruka. Mutiso aliinua mikono kujikinga, na fimbo ikamkata viganja, na shati jeupe likaanza kuwa na michirizi.

Mwanawe mkubwa alikuwa kwenye kwaya. Aliruka benchi, akamshika Susu kitambaa cha kichwa kwa nyuma akakivuta mpaka shingo ikapinda. Hapo wanawake wa kushoto wakainuka wote pamoja. Niliona mwanamke aliyekuwa akituuzia maziwa, mpole kabisa, akimng'ata kijana yule mkono. Wanaume nao wakaivuka njia, wengine kuamua, wengine kupiga, na baada ya muda haikujulikana nani anafanya lipi. Benchi lilipinduka likamwangukia mzee mmoja mguuni, akapiga yowe. Vitabu vya nyimbo vilirushwa. Kuku wa sadaka, waliokuwa wamefungwa miguu pembeni, walipiga mbawa na kutawanya manyoya. Ngoma ya kwaya ilikanyagwa ikapasuka. Na juu ya yote hayo pasta alikuwa ameshika mimbari akiita, "Watu wa Mungu! Watu wa Mungu!" na watu wa Mungu wakaendelea kupigana.

Mimi niliufikiria mlango. Kelele ile haikuwa ya kukohoa wala ya kicheko. Kelele ile ingemwamsha mtu yeyote. Nilimlaza Kioko chini ya mimbari, nikakimbia nyuma, nikaegemeza mgongo kwenye ule mlango wa mbao na kukaza miguu sakafuni. Nilikuwa nimekusudia kumzuia asitoke. Nilimwambia kwa sauti, nakumbuka, "Lala, lala, tunanyamaza sasa hivi." Niliomba kwa machozi alale, akitoka atatuua wote.

Mtu mmoja alisukumwa akanigonga kwa kishindo, komeo likang'oka, na mimi na mlango tukaanguka ndani.

Kulikuwa na majembe. Kulikuwa na sufuria kubwa za harusi zilizofungwa kamba, mfuko wa saruji ulioganda, maua ya plastiki, na baiskeli ya pasta isiyo na gurudumu la mbele. Koti la pasta lilining'inia kwenye msumari. Hapakuwa na kitanda. Niliangalia hata nyuma ya sufuria. Nilikaa kwenye vumbi lile nikalia kuliko siku nyingine yoyote ya utoto wangu, na si kwa furaha. Nililia kwa sababu Kioko alikuwa amepigwa wiki zote zile ili mtu asiamke, na mtu mwenyewe hakuwepo.

Kliniki ya sokoni walisema ngozi ya ndani ya sikio imepasuka na sikio lile halitasikia tena. Walimwekea pamba. Kioko alirudi nyumbani mgongoni kwa Susu, na hakutoa sauti njia nzima, wala siku iliyofuata. Tulimwimbia. Tulimaliza wimbo, tukangoja. Alitutazama midomo tu.

Mama alikuja kutoka Mwingi mara tu habari zilipomfikia. Hakupitia kwetu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Mutiso mchana kweupe, akasimama nje ya ua wake, akaanza kurusha mawe kwenye paa la mabati. Alirusha mpaka mkono ukachoka, akabadilisha mkono. Ndani hakuna aliyetoka. Majirani walisimama mbali wakisikiliza mabati yakilia, na hakuna aliyekwenda kumshika. Alipofika kwetu vidole vyake vilikuwa vinavuja damu, na Susu alimwosha kwa maji ya chumvi.

Wazee wa kanisa walikaa kikao. Waliamua kwamba Susu amepiga mzee wa kanisa ndani ya kanisa, kwa hiyo atatengwa: hatashiriki meza ya Bwana, na atakaa benchi la nyuma kabisa, lile la waliotengwa. Walimwuliza Mutiso kama ana la kusema. Alisimama, uso umevimba, akasema, "Nilipiga mtoto na fimbo ile bibi yake aliniletea. Akaniletea kwa mikono miwili. Mlitaka niifanyie nini, niitafune?" Watu wengine walicheka.

Njiani kutoka kikaoni Mama alikuwa akimlaani Mutiso na ukoo wake wote. Susu alitembea mbele yetu. Alipofika kwenye lango la boma alisema tu, "Lakini amesema ukweli," akapita moja kwa moja kuchukua panga. Alikwenda kwenye kichaka cha mulawa akakikata. Hakukata matawi, alikata mashina, akafukua mizizi kwa jembe, akirusha udongo nyuma yake, akigumia kwa kila pigo kama mtu anayepigwa. Mama alitaka kumzuia, akaona uso wake, akaniambia nirudi ndani. Mbuzi walikula yale majani kwa siku nyingi, na harufu ile haikututoka.

Mama alitaka kurudi nasi Mwingi, lakini hakuwa na mahali pa kulala hata yeye mwenyewe. Tukabaki. Jumapili ikafika, na nilidhani hatutakwenda tena. Susu alituosha miguu kama kawaida. Mlangoni tulipoingia nilianza kumvuta Kioko kwenda mbele sakafuni, akanishika bega. "Kama mimi nimetengwa, nimetengwa na wajukuu wangu," alisema, kwa sauti ya kusikika.

Benchi la nyuma lilikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa Musyoka, aliyetengwa kwa ajili ya pombe na ambaye hata siku ile alinuka kidogo. Mwingine alikuwa msichana mwenye mimba isiyo na baba, amejifunika khanga hadi kidevuni. Tukasongamana nao. Kioko alikaa mapajani mwa Susu, mimi katikati ya Susu na yule msichana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia ibada bila kukaza shingo. Niliegemea tumbo la msichana yule na kitu ndani kikanipiga teke, naye akacheka kimya kimya.

Mutiso alikuja kutuchukua, na fimbo ya boma lingine. Alitembea njia nzima mpaka nyuma, kovu bichi likiwa shavuni. "Watoto mahali pao ni mbele," alisema.

Musyoka akainuka, akajishikilia benchi. "Mzee, hapa ni kwa wenye dhambi. Wewe uko na dhambi gani? Kama huna, rudi mbele."

Mutiso aliinua fimbo. Musyoka alivua kofia akampa kichwa. "Piga," alisema. "Mimi nimepigwa na watu wakubwa kuliko wewe, na nilikuwa nimelewa, sikusikia. Leo nisikie." Mutiso akaishusha fimbo, akarudi alikotoka. Jumapili iliyofuata mwuza maziwa alimtoa binti yake sakafuni akaja naye kukaa nyuma, akidai eti mbele kuna joto. Kisha wengine wakaona joto hilo hilo.

Halafu ikaja zamu ya boma la mwalimu mmoja wa shule, mtu mnyamavu. Alifika na mkewe na watoto wao, mikono mitupu. Mutiso alikuwa amesimama mlangoni ameshanyoosha mkono. Alingoja. Mwalimu alimsalimia kwa heshima zote akapita. Nilidhani hapo ndipo mwisho wa jambo, lakini Mutiso hakuwa mtu wa kushindwa na heshima. Katikati ya maombi mtoto wa mwalimu alipiga chafya na ndugu yake akacheka. Mutiso alivua mshipi wake wa ngozi, akamwinua mtoto kwa mkono mmoja, akamchapa na upande wenye kichuma. Yule mwalimu mnyamavu aliinuka akiwa bado amefumba macho ya maombi, akafika mbele, akampiga Mutiso ngumi ya mdomo. Jino lilitoka. Lilidunda kwenye saruji mbele ya pasta, na pasta akalitazama, akasema amina, na ibada ikaisha.

Hakuna aliyetoa tangazo. Hakuna mzee aliyesema tulikosea. Ila tangu siku ile kila mtoto alikaa na mtu wake, akina baba wakaanza kubeba vichanga, na mwaka haukuisha kabla pasta hajaanza kuiita ibada ya familia nzima, akiwaeleza wageni kwamba ni maono aliyopewa akiwa kwenye mfungo. Susu alirudishiwa meza ya Bwana. Aliipokea, lakini hakuhama benchi la nyuma mpaka alipokufa.

Kioko alianza kusema baadaye, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto. Lakini ile "Eeeei!" hakuitoa tena. Nimemsubiri mwisho wa nyimbo nyingi sana, kwenye harusi, kwenye mazishi ya Susu, hata kwenye ubatizo wa watoto wangu. Anasimama, anaimba vizuri, wimbo unaisha, na yeye anaisha nao. Hicho ndicho walichokipata kwa fimbo yao. Walitaka anyamaze na akanyamaza.

Nilikwenda nyumbani Pasaka iliyopita. Kanisa limejaa, watoto wanatambaa chini ya benchi, kijana anapiga kinanda, mama mmoja ananyonyesha mbele kabisa. Niliingia nimechelewa, nikamwona Kioko, sasa mtu mzima wa ndevu, amekaa na mzee mmoja aliyekunjamana. Sikumtambua mpaka alipofungua kinywa. Katikati ya mahubiri, Mutiso alipiga kelele: "Vuta! Vuta, wewe! Geuka kulia!" Akilini mwake yuko shambani, analima na mafahali waliokufa zamani. Amepotewa na akili. Mkazamwana wake alikuwa akimfungia ndani Jumapili kwa aibu, mpaka Kioko akaanza kwenda kumchukua.

"Geuka!" akapayuka tena, na mate yakamtoka. Watu waligeuka kumtazama, kisha wakaendelea kusikiliza.

Damu ilinipanda. Nilipita mpaka kwenye benchi lao nikamwinamia ndugu yangu. "Mtoe nje," nikamwambia. "Anasumbua watu. Huyu, Kioko! Huyu kati ya watu wote! Mtoe."

Kioko alinitazama mdomo mpaka nikamaliza. Kisha akasogea kidogo kunipa nafasi, upande wa pili, mbali na mzee.

"Nimemweka kwa hii sikio," alisema, akiligusa. "Hii simsikii nayo. Angekaa na mtu mwingine angemsumbua. Keti, dada. Watoto wako wanakuangalia."

Mutiso alikuwa ameshika mkono wa Kioko kwa mikono yake miwili, akiuvuta kama hatamu. Niligeuka nikaona kweli watoto wangu wananiangalia, wote, midomo wazi. Nikaketi.